Mandhari Kubwa za Bruegel: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu chapa za tindikali na burini

Maswali haya hutoka kwa watu wanaokutana na chapa za kale za Ulaya, yaani picha zilizochapwa kwenye karatasi kutoka kwenye bamba, kwa mara ya kwanza, ama ukutani makumbusho ama kwenye simu. Ufundi ukielezwa bila kazi yenyewe kuwa mbele ya macho hubaki maneno matupu, kwa hiyo majibu mengi yanazunguka chapa moja: *Solicitudo Rustica*, yaani Mahangaiko ya Shamba. Ni mojawapo ya chapa 12 zinazojulikana kama Mandhari Kubwa, zilizotolewa Antwerp kati ya mwaka 1555 na 1556 kutokana na michoro ya Pieter Bruegel, mchoraji wa karne ya 16. Ukiweza, ifungue picha yake kwenye dirisha jingine usome ukiitazama.

Chapa hii inaonyesha nini?

Bonde. Mto unajipinda ndani yake ukielekea mbali, kandokando kuna vijiji, miti na mashamba, na nyuma yake milima imesimama mpaka karibu na ukingo wa juu wa karatasi. Mbele kabisa, juu ya kilima, mkulima ameketi akilitengeneza fyekeo lake la mpini mrefu. Hana habari na bonde. Sisi ndio tunaolitazama kwa niaba yake, na nadhani huo ndio utani wa Bruegel: mandhari yote ile, na mtu aliyepewa nafasi nzuri ya kuiona ameinamia kazi.

Karatasi yenyewe si kubwa kwa macho ya leo, takriban sentimita 32 kwa 43. Kwa chapa ya mandhari ya wakati ule ilikuwa kubwa, ndipo likaja jina la mfululizo.

Nani hasa aliichora? Naona jina la Bruegel, lakini maelezo ya makumbusho yanataja watu wengine.

Watu wanne wana haki ya kudai kazi hii, na kila mmoja alifanya jambo ambalo wengine hawakulifanya.

Bruegel alichora kwa kalamu na wino kwenye karatasi. Alikuwa ameingia chama cha wachoraji wa Antwerp mwaka 1551 akiwa fundi kamili, akasafiri Italia mwaka uliofuata, akarudi yapata mwaka 1554 akiwa na kichwa kilichojaa Milima ya Alps. Mchoro wake wa *Solicitudo Rustica* bado upo, British Museum, London.

Hieronymus Cock ndiye aliyetoa fedha, akaagiza kazi na kuiuza. Yeye na mkewe, Volcxken Diericx, walikuwa na duka na karakana Antwerp kwa jina la Pepo Nne, iliyoanza mwaka 1548. Ilikuwa nyumba kubwa ya uchapaji wa picha, yenye kuajiri mafundi kutoka mbali. Giorgio Ghisi wa Mantua, kwa mfano, alinakshi hapo *Shule ya Athene* ya Raphael mwaka 1550. Cock mwenyewe alikuwa mchoraji wa tindikali, yaani wa mabamba ambayo mistari yake huliwa na tindikali, na magofu ya Roma aliyoyachapa mwaka 1551 yanaonyesha kuwa alijua anachokinunua.

Kisha kuna ndugu wawili, Joannes na Lucas van Doetecum. Hao ndio waliouchukua mchoro wa kalamu wakauhamishia kwenye bamba la shaba, mstari kwa mstari. Kila alama ya wino unayoiona imetokana na mikono yao. Bruegel hakuligusa bamba. Inajulikana chapa moja tu aliyoichora mwenyewe kwa tindikali, *Uwindaji wa Sungura* ya mwaka 1560.

Mbona basi majina ya akina van Doetecum hayamo kwenye chapa?

Pembeni chini kumeandikwa kwamba brueghel alibuni na h. cock alitoa. Basi. Ilikuwa desturi: jina lililouza ni la mbunifu na la mwenye duka. Kwa muda mrefu watu walidhani Cock ndiye aliyechora mabamba haya kwa mkono wake, mpaka wataalamu walipolinganisha mistari na kazi nyingine ambazo ndugu wale wanajulikana kuzifanya.

Majina ya kwenye chapa hayaaminiki sana hata yanapokuwepo. Mwaka 1557 Cock alitoa *Samaki Wakubwa Hula Wadogo*, mchoro wa Bruegel, akaandika chini kwamba mbunifu ni Hieronymus Bosch, aliyekuwa amefariki tangu 1516. Bosch alikuwa na soko kubwa zaidi. Wachuuzi wa picha hawakuanza hila jana.

Kuhusu tahajia: Bruegel aliandika jina lake na herufi h mpaka mwaka 1559, ndipo akaiacha. Chapa za Mandhari Kubwa ni za kabla, kwa hiyo ukiona "brueghel" usidhani ni mmoja wa wanawe wachoraji, walioliandika jina kwa h.

Kuna tofauti gani kati ya kuchora kwa tindikali na kunakshi kwa burini?

Tuanze na kinachofanana. Njia zote mbili huacha mifereji kwenye bamba la shaba nyekundu. Wino hupakwa bamba zima, kisha hupanguswa kwa kitambaa na mwisho kwa kiganja, ukabaki ndani ya mifereji tu. Karatasi iliyolowanishwa huwekwa juu, vinafuata vitambaa vizito vya sufu, na vyote hupitishwa katikati ya roli mbili zinazobana kwa nguvu. Karatasi inaingia kwenye mifereji na kuunyonya wino. Ni kinyume cha muhuri au chapa ya ubao, ambako wino hukaa juu ya sehemu zilizoinuka.

Tofauti iko katika namna mfereji unavyochimbwa.

Burini ni fimbo fupi ya chuma cha pua iliyonolewa mshazari kwenye ncha, na mpini wake wa mbao hukaa ndani ya kiganja. Mnakshi huisukuma mbele, nayo hulima shaba na kutoa kibanzi chembamba. Bamba hulazwa juu ya mto wa ngozi uliojazwa mchanga, na mstari unapotakiwa kupinda, bamba ndilo linalozungushwa. Mkono wenye burini hausogei sana. Ukiongeza nguvu mfereji hupanuka na kuingia ndani, ukilegeza hupungua mpaka ukapotea. Ni kazi ya polepole. Anayeitaka hana budi kukaa chini ya fundi kwa miaka.

Kwa tindikali, bamba hupakwa tabaka jembamba la nta iliyochanganywa na lami na utomvu wa miti, kisha hufukizwa kwa moshi ili liwe jeusi na mistari ionekane vizuri. Mchoraji hushika sindano na kuchora kama mtu anayeandika barua, akiondoa nta bila kulazimika kuichimba shaba. Bamba likikutana na tindikali, shaba iliyo wazi huliwa, iliyofunikwa hubaki salama. Aliyewahi kutengeneza batiki atalielewa hili upesi: pale nta huzuia rangi, hapa huzuia tindikali. Kina cha mstari huamuliwa na muda. Mistari ikishaliwa kiasi cha kutosha kwa sehemu nyepesi, fundi anaweza kuiziba na kulirudisha bamba ili mingine iendelee kuliwa.

Kwa nini wachanganye njia mbili kwenye bamba moja? Si wangechagua moja tu?

Hili ndilo swali ninalolipenda, kwa kuwa jibu lake ndilo linaloeleza kwa nini chapa hizi ziko jinsi zilivyo.

Tazama kalamu ya Bruegel. Majani ya mti ni vijistari vidogo vilivyopinda, upande wa mlima ni safu ya alama fupi zinazobadilika mwelekeo kila mwamba unapogeuka, na mbali kabisa kuna nukta tu. Mkono huo una haraka na uhuru. Ukimpa mnakshi wa burini mchoro kama huo, atakurudishia kitu cha heshima lakini kilichokakamaa, kwa sababu burini haipendi vijistari vya ghafla. Inapenda mikunjo mirefu iliyopangwa sambamba. Sindano juu ya nta, kwa upande mwingine, inaufuata mwendo wa kalamu karibu bila upinzani.

Lakini tindikali peke yake nayo ina kasoro. Mistari iliyoliwa kwa muda mmoja hutoka na uzito mmoja, na bonde lenye uzito mmoja halina kina. Mkulima wa mbele na mlima wa maili ishirini nyuma wanakaa kwenye ukuta mmoja. Unahitaji mbele pawe na giza la kushika jicho, halafu nguvu ipungue hatua kwa hatua mpaka kilele cha mwisho kibaki kama pumzi. Hapo ndipo burini inapoingia: kukoleza kivuli chini ya mti, kuongeza mstari kwenye vazi la mtu wa mbele, kurekebisha mahali ambapo tindikali haikula vya kutosha.

Ndugu wa Doetecum walikwenda mbali kuliko kugawanya kazi tu. Walichora kwa sindano wakifuata nidhamu ya mnakshi, kiasi kwamba mistari mingi inayodhaniwa kuwa ya burini ni ya tindikali. Karibu karne moja baadaye, mwaka 1645, Abraham Bosse alichapisha Paris kitabu cha kufundisha uchoraji wa tindikali, na shabaha aliyowawekea wanafunzi ilikuwa ileile: mistari ya tindikali ionekane kama ya burini. Antwerp walikuwa wameshafika huko bila kitabu.

Na usisahau biashara. Tindikali ina kasi kuliko burini, na Cock alikuwa na mabamba kumi na mawili ya kukamilisha. Alipata mwendo wa kalamu, heshima ya burini, na muda mfupi zaidi. Ndiyo maana huwa sikubaliani na wanaoiita chapa hii "nakala ya mchoro wa Bruegel". Mchoro ulifanywa ili uwe chapa. Ule wa London ni maandalizi. Kilichokusudiwa ni hiki.

Ninawezaje kutambua kwa macho mstari upi ni wa tindikali na upi ni wa burini?

Tumia kioo cha kukuzia, au kuza picha ya mtandaoni mpaka mstari mmoja ujaze skrini. Tazama mwisho wa mstari kwanza. Burini huingia na kutoka polepole, hivyo mstari wake huanza na ncha kali, hunenepa katikati, humalizika kwa ncha tena. Sindano huacha mwisho butu, wa duara. Kisha tazama kingo: za burini ni safi, za tindikali zina ukwaruzo mdogo kwa kuwa shaba haikuliwa sawasawa. Upana nao husaidia, kwani mstari wa tindikali huwa na upana uleule mwanzo hadi mwisho.

Kwenye Mandhari Kubwa dalili hizi zitakudanganya mara kwa mara, kwa sababu iliyotajwa hapo juu. Anza na majani ya miti ya mbali, ambako tindikali iko wazi, kisha njoo kwenye vivuli vizito vya mbele.

Je, ni kweli kwamba chapa iko kinyume na mchoro wa asili?

Ndiyo. Karatasi hulazwa kifudifudi juu ya bamba, kwa hiyo kilichokuwa kulia kwenye bamba huja kushoto. Mchoraji mzoefu aliwaza kwa kugeuza tangu mwanzo, hasa penye watu wanaotumia mkono wa kulia. Maandishi yalipaswa kuchongwa kinyumenyume. Ukikuta herufi iliyogeuka kwenye chapa ya kale, fundi alisahau.

Nani aliyeanza kutumia tindikali kwa picha?

Mafundi wa silaha. Walikuwa wakipamba deraya na panga kwa tindikali kabla mtu yeyote hajafikiria kuziwekea karatasi. Daniel Hopfer wa Augsburg, aliyeufahamu ufundi huo, alianza kuchapa picha kwa njia hiyo mnamo 1500, akitumia mabamba ya chuma. Albrecht Dürer alijaribu chuma pia. *Mandhari yenye Mzinga* ni ya mwaka 1518. Karibu na wakati huo Albrecht Altdorfer wa Regensburg alichapa mandhari tisa ndogo za misonobari na majengo, zisizo na hadithi yoyote, jambo la ajabu kwa zama zile.

Chuma hupata kutu na mistari yake huwa mizito. Lucas van Leyden alihamia kwenye shaba, na mwaka 1520 alitoa picha ya Kaisari Maximilian ambayo ndani yake tindikali na burini zimekaa pamoja: uso kwa burini, nguo na mazingira kwa tindikali. Kwa hiyo Cock na mafundi wake hawakubuni mchanganyiko huo. Walichofanya ni kuupeleka kwenye mandhari na kuufanya mkubwa.

Mahali hapa papo kweli? Ningependa kupatembelea.

Moja tu: *Prospectus Tyburtinus*, chapa nyingine ya mfululizo huu, ni Tivoli karibu na Roma, na maporomoko ya mto Aniene yapo hadi leo. Kwa maoni yangu ndiyo chapa dhaifu kuliko zote kumi na mbili, imebanana na haina hewa.

Zilizobaki, pamoja na *Solicitudo Rustica*, usizitafute kwenye ramani. Bruegel aliunganisha vilele vya Alps, mito mipana ya nchi tambarare na mapaa ya vijiji vya Brabant kuwa nchi moja isiyokuwepo. Karel van Mander, aliyeandika maisha ya wachoraji mwaka 1604, alisimulia kwamba watu walisema Bruegel aliimeza milima na majabali yote alipopita Alps, akarudi nyumbani akayatapika kwenye turubai na mbao. Kauli hiyo imekaririwa mno, lakini ni ya kweli kuhusu njia yake ya kazi: hakurudisha picha za mahali, alirudisha namna mwamba unavyovunjika na namna ukungu unavyokaa bondeni.

Mtindo wa kulitazama bonde kutoka juu sana, kana kwamba umesimama hewani, haukuwa wake peke yake. Joachim Patinir, aliyefanya kazi Antwerp na kufariki mwaka 1524, aliuweka msingi. Kwa Patinir miamba ni kama mapambo ya jukwaa. Bruegel aliipa uzito.

Kwa nini majina ni ya Kilatini, na kwa nini watakatifu ni wadogo namna hiyo?

Kilatini kilikuwa lugha ya mnunuzi msomi popote Ulaya, na chapa zilisafiri. Christophe Plantin, mchapaji mkuu wa vitabu Antwerp, alinunua chapa za Cock na kuziuza katika miji mingine, Paris ikiwemo. Jina la Kiflemi lingemfaa jirani tu.

Kuhusu watakatifu, mfululizo una mchanganyiko. Katika *Euntes in Emaus* wasafiri watatu wanatembea na fimbo zao, na ni duara la nuru tu linalokujulisha kwamba mmoja wao ni Yesu. Jerome na Maria Magdalena wamo, kila mmoja amekaa pembeni kama mlinzi wa lango. Familia Takatifu inakimbilia Misri. Lakini wapo pia wanajeshi waliopumzika, mtega ndege, mkokoteni wa Kibelgiji na watu waendao sokoni, na hao wamepewa nafasi ileile. Wengine husema mtakatifu aliwekwa kama kisingizio cha kuuza milima. Sioni hivyo. Theluthi mbili ya chapa hazina mtakatifu na ziliuzwa vilevile, kwa hiyo kisingizio hakikuhitajika. Bruegel alikuwa na tabia ya kuficha jambo kubwa mahali padogo, na aliendelea nayo maisha yake yote.

Nakala ngapi zilichapwa, na ipi ndiyo halisi?

Zote zilizotoka kwenye bamba la asili ni halisi. Hakukuwa na nambari za toleo zilizoandikwa kwa penseli pembeni. Hiyo ni desturi ya baadaye sana. Bamba liliwekwa kabatini, na wateja wakija linachapwa tena.

Kinachotofautisha ni uchakavu. Shaba ni laini, na kila mara bamba linapopanguswa na kubanwa mifereji hupungua kina. Mistari myembamba ya tindikali hufa kwanza, na kwenye chapa hizi mistari hiyo ndiyo anga na milima ya mbali. Nakala ya mapema ina vilele vinavyoelea. Ya baadaye ina madoa meupe mahali pa vilele. Ukiona picha mbili za chapa moja na moja inaonekana imefifia nyuma lakini ina giza mbele, hujaona mitindo miwili. Umeona bamba moja likizeeka.

Cock alifariki mwaka 1570. Volcxken Diericx aliiendesha nyumba ya Pepo Nne kwa miaka 30 zaidi, mpaka kifo chake mwaka 1600, na orodha ya mali iliyofuata ilihesabu mabamba ya shaba zaidi ya 1,500. Historia humtaja kama mjane wa Cock. Miaka 30 ni mingi kuliko ile ambayo mumewe aliiongoza.

Ziliwahi kutiwa rangi?

Chapa za wakati ule zilitiwa rangi kwa mkono mara nyingine, hasa ramani na picha za miji. Hizi zinapendeza zaidi zikiachwa na wino mweusi, kwani umbali umeshajengwa kwa unene wa mistari.

Kuna Mandhari Ndogo pia?

Zipo, na ni kitu tofauti kabisa. Cock alizitoa kwa mikupuo miwili, 1559 na 1561, na akina van Doetecum ndio walioyachora mabamba. Hazina milima. Ni njia za vijiji karibu na Antwerp, nyumba za makuti, bwawa, uzio ulioinama. Mchoraji wake hajulikani kwa jina. Mwaka 1612 Claes Jansz Visscher wa Amsterdam alizinakili na kuziuza kwa jina la Bruegel, na watu wengi wakamwamini. Kwa mtazamaji wa leo Ndogo zinaweza kuonekana za kawaida mno, lakini uchoraji wa mandhari wa Uholanzi wa karne ya 17 umetoka huko zaidi kuliko kwenye milima.

Je, pwani ya Afrika Mashariki iliwahi kuchapwa kwa ufundi huu?

Ndiyo, na kiungo ni cha karibu. Frans Hogenberg, mchoraji wa mabamba aliyefanya kazi Antwerp katika miaka hiyohiyo, alihamia Cologne, na mwaka 1572 yeye na Georg Braun walitoa juzuu la kwanza la kitabu chao kikubwa cha picha za miji ya dunia. Ndani yake kuna ukurasa mmoja unaokusanya Aden, Mombasa, Kilwa na Sofala, kila mji na kipande chake.

Uangalie kwa furaha, ila usiuchukue kama ushahidi. Hogenberg hakufika Kilwa. Wareno walikuwa wameshaishambulia Kilwa na Mombasa mwaka 1505, na kilichofika Cologne miaka zaidi ya sitini baadaye ni habari iliyopita mikono mingi. Anayetaka kujua mji ulivyokuwa aende kwenye Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani na magofu ya Husuni Kubwa. Ukurasa ule unatuambia jambo jingine: kwamba msomaji wa Ujerumani alidhani bandari zetu zinastahili bamba la shaba pamoja na miji yake.

Naweza kuziona wapi?

Chapa za karatasi haziwezi kukaa kwenye mwanga muda mrefu, kwa hiyo hata makumbusho yenye nakala nzuri huzifungia ndani ya masanduku na kuzitoa kwa maonyesho tu, au kwa anayeomba miadi. Metropolitan Museum ya New York ina Mandhari Kubwa, na tangu mwaka 2017 picha za kazi zake zisizo na hakimiliki zinapakuliwa bure kwa ukubwa kamili. Rijksmuseum ya Amsterdam nayo inatoa picha zake bure.

Kwa msomaji aliyeko Ubelgiji mambo ni rahisi zaidi. Maktaba ya Kifalme mjini Brussels ina mkusanyo mkubwa wa chapa za Bruegel, na kanisa alimozikwa, Notre-Dame de la Chapelle, liko umbali wa kutembea kwa miguu kutoka hapo. Ukifika Antwerp, ingia Museum Plantin-Moretus, nyumba ya yule Plantin aliyekuwa akiziuza. Ndani yake zimesimama mashine za uchapaji zilizo miongoni mwa za kale kabisa duniani.

Nimeona moja inauzwa kwenye mtandao kwa bei ndogo. Ni ya kweli?

Yawezekana, lakini uliza maswali. Je, kuna alama ya bamba, yaani mbonyeo ulioachwa na kingo za bamba kuzunguka picha? Wauzaji wa zamani mara nyingi waliikata pambizo, kwa hiyo kukosekana kwake hakuthibitishi kitu. Kuwepo kwake pia hakutoshi, maana hughushiwa. Karatasi ya karne ya 16 ilitengenezwa kwa matambara ya kitani, na ukiiinua kwenye mwanga utaona mistari ya wavu wa waya na pengine alamamaji ya kiwanda. Chini ya kioo cha kukuzia, wino wa kweli umeinuka kidogo juu ya karatasi. Ukikuta vinukta vilivyopangwa sawasawa, hiyo imetoka kwenye mashine ya kisasa, na bei ndogo ndiyo bei yake.

Muuzaji akikataa kutuma picha ya upande wa nyuma, achana naye.

Naweza kujaribu mwenyewe nyumbani?

Tindikali, ndiyo. Burini inahitaji mwalimu, na ikiteleza hukata mkono ulioshika bamba, kwa hiyo iache kwanza.

Tafuta kipande kidogo cha bamba la shaba nyekundu, ukubwa wa kadi ya posta. Kisugue kwa msasa laini, kisafishe mafuta yote, kipake nta iliyoyeyushwa na lami kidogo, nyuma na kingoni pia. Chora kwa sindano ya kushonea iliyofungwa kwenye kijiti. Badala ya tindikali ya naitriki, ambayo hutoa mvuke wa sumu, tumia kloridi ya chuma, ile ambayo mafundi wa elektroniki huitumia kutengenezea bodi za saketi na inayopatikana kwenye maduka yao. Vaa glavu na miwani, fanya kazi nje au penye hewa, na tumia chombo cha plastiki, kamwe si cha chuma. Lilaze bamba kifudifudi kwenye myeyusho, likiwa limeegemezwa pembe kwa pembe ili mashapo yadondoke. Toa baada ya dakika chache, suuza, tazama. Mistari unayotaka ibaki hafifu izibe kwa vanishi, kisha lirudishe. Myeyusho uliotumika una shaba ndani yake, usiumwage kwenye mfereji wala shambani.

Mashine ya roli mbili ni vigumu kuipata, lakini bamba dogo na jembamba linapita kwenye mashine ya mkono ya kutengenezea tambi, likiwa na karatasi iliyolowanishwa na kipande cha sufu juu yake. Usiirudishe jikoni mashine hiyo baada ya hapo.